MPANGAJI WA MJI NA MPANGAJI WA CHUMBA



Muhula uliopita chama chetu cha mjadala kilikutana ukumbini kujadili neno hili: "Kanuni za ujenzi mjini zamfaa tajiri kuliko mfanyakazi." Mimi nilichaguliwa kuwa msemaji wa kwanza wa upande uliounga mkono neno hilo. Nilisema kwa dakika kumi, wenzangu wakanipigia makofi, nami nikaketi nikidhani tumekwisha kushinda. Ndipo akasimama mgeni mmoja, mwanafunzi wa zamani wa shule hii, ambaye kazi yake siku hizi ni kujenga nyumba na kuziuza. Akasema, "Kijana, umesema vizuri. Lakini nijibu swali moja tu. Nyumba ninayoiuza kwa faranga milioni 28, ukinitaka nimwachie mwalimu kwa milioni 20, ni nani atakayenilipa hizo milioni 8?"

Nilisimama, nikatazama karatasi yangu, nikaketi tena. Kura zilipohesabiwa tulikuwa tumeshindwa.

Swali la mzee yule halikuniacha. Wakati wa likizo nilisoma habari za nyumba na miji kila nilipozipata, na Mwalimu wetu wa Jiografia alinisaidia kuielewa ramani ya mji. Makala haya ni jibu langu kwa mzee yule, ingawa limechelewa. Nayaandika pia kwa wanafunzi wenzangu, ambao baada ya miaka michache watatafuta chumba cha kukaa mjini, na kwa wanafunzi wa zamani, ambao baadhi yao leo ni wenye viwanja, au wafanyakazi wa benki, au ndio watiao sahihi vibali vya kujenga.

Neno moja lenye maana mbili

Katika Kiswahili neno "mpangaji" lina maana mbili. Mpangaji ni mtu akaaye katika nyumba ya mwingine kwa kulipa kodi. Tena mpangaji ni mtu apangaye mambo, kama vile mpangaji wa mji, ambaye huchora ramani na kusema: hapa patakuwa na nyumba, hapa maduka, hapa viwanda, na hapa msitu usiguswe. Watu hawa wawili huitwa kwa jina moja, lakini ni mara chache wanapokutana. Katika makala haya nataka kuwakutanisha.

Mpangaji wa mji hufanya kazi yake kwa ramani na kanuni. Hapa Kigali ramani hiyo ni mpango mkuu wa mji, ambao kwa Kinyarwanda huitwa igishushanyo mbonera. Mji wote umegawanywa katika maeneo, na kila eneo lina kanuni zake: ni kitu gani kiruhusiwacho kujengwa, kiwanja kiwe na ukubwa gani, nyumba iwe na orofa ngapi, na pengine ijengwe kwa vifaa gani. Atakaye kujenga lazima kwanza apate kibali, na kibali hakitolewi ikiwa nyumba yake haifuati kanuni za eneo lake.

Sisemi kwamba kanuni ni kitu kibaya. Mji wetu uko juu ya vilima, na kati ya vilima mna mabonde ya maji. Mtu akijenga bondeni, mvua za Aprili zaweza kuichukua nyumba yake. Akijenga kwenye mteremko mkali, ardhi yaweza kuporomoka pamoja na watoto waliolala ndani. Ni haki mji umkataze. Ninalosema ni kwamba kila kanuni ina bei yake, na yafaa tujue nani anailipa.

Jinsi mji ulivyokua

Mwaka 1907 Mjerumani Richard Kandt aliweka makao yake juu ya kilima cha Nyarugenge, na hapo ndipo mji wa Kigali ulipoanzia. Nyumba inayokumbukwa kwa jina lake sasa ni makumbusho, na darasa letu limekwenda kuitazama. Wakati wa Wabelgiji watu walikaa kwa mafungu: Wazungu Kiyovu, wenye maduka katikati ya mji, na Waswahili katika mtaa wa Biryogo, karibu na Nyamirambo, ambako mpaka leo Kiswahili chasikika barabarani. Huo nao ulikuwa mgawanyo wa maeneo, ila ulimwambia mtu akae wapi kwa kutazama yeye ni nani.

Nchi ilipopata uhuru mwaka 1962 Kigali ulifanywa mji mkuu, nao ulikuwa na watu wapatao 6,000 tu. Sasa tazameni hesabu ya watu. Mwaka 2012 walikuwa 1,132,686. Mwaka 2022 walikuwa 1,745,555. Kwa miaka kumi waliongezeka 612,869, yaani zaidi ya 61,000 kila mwaka. Tukisema watu wanne hukaa nyumba moja, mji ulihitaji nyumba mpya zaidi ya 15,000 kila mwaka. Hizo ni nyumba 42 hivi kila siku, Jumapili na sikukuu zikiwamo. Na wapangaji wa mji wanatazamia kwamba mwaka 2050 watu watakuwa milioni 3.8.

Je, ni nyumba za namna gani? Mwaka 2012 ulifanywa uchunguzi wa soko la nyumba mjini Kigali. Ulikadiria kwamba mpaka 2022 zingehitajika nyumba mpya zipatazo 344,000. Katika kila nyumba mia, hamsini na nne zilipaswa kuwa za bei nafuu, na kumi na tatu hivi zilikuwa za watu maskini wanaohitaji kusaidiwa kabisa. Nyumba za kifahari hazikufika hata moja katika mia. Lakini kampuni ya kujenga, ikiachwa ifanye ipendavyo, huanza na ile moja, kwa kuwa humo ndimo mna faida. Huko Gacuriro, katika fungu la kwanza la nyumba za Vision City, zilijengwa nyumba 504 kwa fedha za mfuko wa pensheni. Ni nyumba nzuri sana, lakini bei zake za kwanza ziliwashinda wengi, ikabidi zipunguzwe.

Kanuni inavyoweza kumhamisha mtu

Tuseme kanuni ya eneo fulani yasema hivi: "Kiwanja kimoja, nyumba moja." Ukiisoma kanuni hiyo huoni neno "tajiri" wala neno "maskini". Lakini tuifanyie hesabu. Kiwanja kinauzwa kwa faranga milioni 60. Ikijengwa nyumba moja, mwenye nyumba hiyo amebeba milioni 60 kabla hajanunua tofali la kwanza. Kanuni ikiruhusu fleti 12 juu ya kiwanja kile kile, kila fleti yabeba milioni 5 tu. Udongo haukubadilika, wala kilima hakikuhama. Kanuni ndiyo iliyobadilisha bei.

Ndivyo ilivyo pia kwa vifaa. Nyumba nyingi za wananchi wa nchi hii zimejengwa kwa matofali mabichi ya udongo, yaani rukarakara. Yakikatazwa, asiyeweza kununua matofali ya kuchoma au ya saruji hawezi kujenga kwa halali. Basi hujenga usiku bila kibali, akiogopa kila gari lipitalo. Au huvuka mto Nyabarongo akajenga Kamonyi. Au huenda Bugesera au Rwamagana, akaja mjini kila siku kwa basi.

Mpango mkuu wa 2013, ambao ulitayarishwa pamoja na kampuni ya Surbana ya Singapore, ulipendeza macho, lakini wengi waliulaumu kwamba viwango vyake vilizidi mifuko ya wananchi. Na kabla yake tulikwisha kuona jinsi mji unavyoweza kumsukuma mtu mbali. Mnamo 2008 sehemu ya chini ya Kiyovu, iliyoitwa Kiyovu cy'abakene, maana yake Kiyovu ya maskini, iliondolewa, na baadhi ya wenye nyumba wakapewa nyumba Batsinda, mbali na kazi zao. Baadaye ikawa zamu ya mtaa wa Kangondo na Kibiraro karibu na Nyarutarama, uliojulikana kwa jina la Bannyahe. Baadhi ya wenye nyumba walitaka walipwe fedha badala ya kupewa fleti, wakaenda mahakamani. Mwaka 2022 watu wa mwisho walihama, na wengi wakapewa fleti Busanza, wilaya ya Kicukiro. Sitaki kuamua shauri hilo hapa. Nataka tu tuone kwamba mtu hakai katika nyumba peke yake: anakaa karibu na kazi, shule, soko na jirani. Wahenga walisema nyumba njema si mlango.

Mwaka 2020 mpango mkuu ulitolewa upya, nao ulikuwa umejifunza kitu. Nyumba na maduka huruhusiwa kuchanganyika katika sehemu nyingi zaidi. Maeneo yaliyokuwa ya nyumba chache yamefunguliwa kwa nyumba nyingi zaidi, na mtu aweza kujenga kidogo kidogo kadiri ya uwezo wake. Rukarakara nayo imekubaliwa tena, kwa masharti na katika sehemu maalumu. Haba na haba hujaza kibaba: baba zetu walijenga hivyo, chumba kimoja mwaka huu na kingine mwaka ujao.

Jibu la swali la mzee

Sasa nalirudia swali la mzee. Nani atakayelipa milioni 8?

Jibu la kwanza ni serikali. Lakini serikali haina fedha za kulipa milioni 8 kwa kila nyumba. Jibu la pili ni mjenzi mwenyewe. Tuone kama yawezekana. Hesabu hii ni ya mfano, wala si ya kiwanja fulani.

Kiwanja kimenunuliwa kwa milioni 60. Kanuni yaruhusu orofa tatu, na kila orofa ina fleti nne, basi jumla ni fleti 12. Kujenga kila fleti hugharimu milioni 20. Bei ya soko ni milioni 28.

Gharama: 60 + (12 × 20) = milioni 300.
Mauzo: 12 × 28 = milioni 336.
Faida: milioni 36.

Sasa mji wamwamuru mjenzi auze fleti tatu kwa milioni 20. Mauzo yatakuwa (9 × 28) + (3 × 20) = milioni 312. Faida ni milioni 12 tu. Mjenzi atafunga hesabu zake aende kujenga mahali pengine, na mji hautapata hata fleti moja. Mzee alikuwa na haki.

Lakini iko njia ya tatu. Mji wamwambia hivi: "Kanuni yaruhusu orofa tatu. Tutakuruhusu orofa ya nne, kwa sharti kwamba fleti tatu katika nyumba nzima utaziuza kwa milioni 20." Kiwanja ni kile kile, basi milioni 60 haziongezeki.

Gharama: 60 + (16 × 20) = milioni 380.
Mauzo: (13 × 28) + (3 × 20) = milioni 424.
Faida: milioni 44.

Mjenzi amepata milioni 8 zaidi kuliko mwanzo, na mji umepata fleti tatu za bei nafuu. Hakuna aliyenyang'anywa. Nani basi aliyelipa? Orofa ya nne ndiyo iliyolipa. Kabla ya hapo ilikuwa hewa tupu, haina thamani kwa mtu yeyote, kwa sababu kanuni ilikataza. Mji una mali ambayo watu wengi hawaioni, nayo ni ruhusa. Mji ukiitoa ruhusa bure, faida yote ni ya mwenye kiwanja. Ukiitoa kwa masharti, mfanyakazi naye hupata fungu lake.

Lakini tuangalie mpaka wake. Mji ukitaka fleti nne kwa milioni 20, faida yarudi milioni 36, sawasawa na mwanzo, na mjenzi hana sababu ya kujisumbua. Ukitaka sita, faida yashuka mpaka milioni 20, naye atakataa. Basi mpangaji wa mji lazima ajue kuhesabu kama mjenzi, na pengine zaidi.

Wengine waliotangulia

Jambo hili si ndoto ya mwanafunzi. Mwaka 1974 wilaya ya Montgomery, katika jimbo la Maryland huko Marekani, karibu na mji wa Washington, ilianza kutumia sheria ya namna hii. Kila aliyetaka kujenga nyumba 50 au zaidi alilazimika kutenga 15 katika kila mia kwa watu wa kipato cha kati na cha chini. Badala yake aliruhusiwa kujenga nyumba zaidi ya zile kanuni ilizoruhusu, mpaka 20 zaidi kwa kila mia. Miji mingi imeiga mfano huo.

Lakini mafundisho makubwa zaidi ya Montgomery ni katika makosa yake. Hapo kwanza sharti la bei lilidumu miaka mitano tu. Miaka mitano ikiisha, mwenye nyumba aliweza kuiuza kwa bei ya soko, na nyumba ikatoka mikononi mwa wafanyakazi. Baadaye muda uliongezwa ukawa miaka 10, na mwaka 2005 ukafanywa 30 kwa nyumba za kuuzwa. Nyumba ya bei nafuu isiyolindwa ni kama maji katika kikapu.

Hapa kwetu

Hapa Rwanda serikali imekwisha kuanza kubadilishana na wajenzi, ijapokuwa kwa njia nyingine. Kwa maagizo ya Waziri Mkuu ya mwaka 2017, mwenye mradi wa nyumba za bei nafuu aweza kusaidiwa na serikali kupata barabara, maji na umeme mpaka kwenye kiwanja. Sheria ya uwekezaji ya 2021 yaweza kumpunguzia kodi ya faida, akalipa 15 tu kwa mia. Na Benki ya Maendeleo ya Rwanda, BRD, ina mpango uitwao Gira Iwacu, maana yake "uwe na kwako", wa mikopo ya nyumba kwa riba ya 11 kwa mia, ambayo ni nafuu kuliko mikopo ya kawaida.

Mfano unaonipendeza zaidi uko Gitega, wilaya ya Nyarugenge, kando ya bonde la Mpazi. Huko wenye viwanja hawakupelekwa mbali. Ardhi na nyumba ya kila mmoja vilithaminiwa, naye akapewa fleti pale pale mtaani, kwa kadiri ya thamani ya mali yake. Mwenye mali nyingi aliweza kupata zaidi ya fleti moja, akapangisha ya pili. Kuta zimejengwa kwa matofali ya kuchoma yatengenezwayo humu nchini, yakiwekwa kwa ubavu na kuacha uwazi ndani ya ukuta, ili matofali na saruji visitumike vingi. Mtu anahama kibanda chake anaingia fleti, na asubuhi yake mtoto anakwenda shule ile ile.

Swali la baba

Hapo nilidhani makala yangu yamekwisha. Siku moja ya likizo nilimsomea baba hesabu ya orofa ya nne.

Baba yangu ni mwashi. Tulikaa miaka tisa katika vyumba viwili vya kupanga, katika mtaa wa Kigali ambao sitautaja. Kisha mwenye nyumba aliuza kiwanja, nasi tukapewa mwezi mmoja tuhame. Sisemi kwamba alitenda vibaya. Mali ilikuwa yake, naye alinunua nyingine mahali pengine. Sisi tulivuka Nyabarongo. Tangu siku ile baba huondoka nyumbani saa kumi na nusu alfajiri, hupanda mabasi mawili, na hurudi watoto wamekwisha kulala. Kwenye kiwanja kile ilijengwa nyumba ya orofa, na baba alikuwa mmoja wa waashi walioijenga. Aliniambia kwamba lango la magari liko pale pale palipokuwa mlango wetu.

Alinisikiliza mpaka mwisho, akinywa chai yake. Kisha akauliza, "Hizo milioni 20, mwanangu, ni za nani?"

Nikamwambia, "Benki itakopesha, baba."

"Hebu hesabu na hiyo."

Nikahesabu. Mkopo wa milioni 20, kwa riba ya 11 kwa mia, kulipwa kwa miaka 20, hutaka faranga 206,000 hivi kila mwezi. Wenye busara husema mtu asitoe kwa nyumba zaidi ya theluthi moja ya kipato chake. Basi lazima awe na faranga 620,000 hivi kila mwezi, tena mwezi baada ya mwezi kwa miaka 20. Baba hulipwa kwa siku, na siku ya mvua halipwi. Mwalimu wa shule ya msingi hafiki hapo, wala mlinzi, wala mwanamke afagiaye barabara zetu ambazo wageni huzisifu.

Baba hakusema neno tena, ila aliniongezea chai. Nilikuwa nimemjibu mzee. Sikuwa nimemjibu yeye.

Ndipo nikaona upungufu wa mambo yote niliyoyaandika hapo juu. Mwenye kiwanja ana kitu cha kubadilishana: ana ardhi. Mjenzi ana fedha, na mji una ruhusa. Lakini mpangaji wa chumba ana nini mkononi? Kodi ya mwezi huu. Mtaa ukijengwa upya, hata kwa njia nzuri kama ya Mpazi, mwenye ardhi hupata fleti yake. Aliyepanga chumba cha nyuma hutafuta chumba kingine. Katika ramani yeye haonekani, maana ramani huhesabu viwanja wala haihesabu vitanda.

Mambo manne

Kwa hiyo nawaletea mambo manne ya kufikiri.

La kwanza, katika zile fleti tatu za bei nafuu, walau moja isiuzwe bali ipangishwe kwa kodi nafuu. Huko Montgomery shirika la nyumba la wilaya limepewa haki ya kununua mpaka theluthi moja ya nyumba hizo, kisha huzipangisha kwa watu wasioweza kununua. Hapa kwetu yaweza kuwa wilaya, au chama cha ushirika, au hata misheni, ambazo nyingi zina walimu na wauguzi wa kuwapa makao.

La pili, kanuni ziruhusu vitu vidogo. Chumba kimoja safi chenye choo, dirisha na maji si aibu kwa mji. Aibu ni chumba hicho hicho kikijengwa kwa kujificha, bila dirisha.

La tatu, sharti la bei lidumu kwa muda mrefu, ili mtoto anayezaliwa katika nyumba hiyo amalize shule akiwa humo.

La nne, kabla kibali cha kuvunja hakijatolewa, wahesabiwe watu wote wakaao pale, si wenye hati peke yao. Yawezekana mji hautaweza kuwapa wote nyumba. Lakini uwe na daftari ya majina yao, na wawe wa kwanza kuitwa vyumba vya kodi nafuu vitakapokamilika.

Najua lipo jibu moja: kwamba masharti mengi humkimbiza mjenzi. Ni kweli, na hesabu yetu imeonyesha mahali anapokimbilia. Ndiyo maana kila sharti liende pamoja na kitu cha kumpa: orofa, barabara, au kodi iliyopunguzwa. Wala sisemi kwamba orofa moja itamaliza shida ya nyumba 42 kwa siku. Lakini kila kibali kitolewacho bila kuuliza swali hili ni nafasi iliyopotea kwa miaka hamsini, maana nyumba ikishasimama haibomolewi upesi.

Wanafunzi wenzangu, baadhi yetu watakuwa wapangaji wa mji, na wengi wetu zaidi tutakuwa wapangaji wa vyumba. Yule atakayeketi mbele ya ramani na asiisahau siku aliyotafuta chumba. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, lakini aliyewahi kuona njaa hana udhuru.

Na wewe mzee uliyeniuliza swali ukumbini, nakushukuru. Najua unacho kiwanja, na nimesikia unaomba kibali cha kuongeza orofa. Ukikipata, nakuomba uifanye hesabu hii kwa fedha zako za kweli, kisha uje utuonyeshe darasani, hata kama itaonyesha kwamba nimekosea. Na kama haikukosea, nakuomba chumba kimoja cha kupangisha, kwa mwashi yeyote utakayemtumia.

Maswali ya kujijaribu

1. Eleza maana mbili za neno "mpangaji". Taja neno jingine la Kiswahili lenye maana mbili zinazokaribiana.

2. Katika hesabu ya orofa ya nne, fleti tatu zikiuzwa kwa milioni 18 badala ya 20, faida ya mjenzi itakuwa kiasi gani? Je, atakubali?

3. Kwa nini sheria ya Montgomery ilibadilishwa muda wake mara mbili?

4. Waulize watu watano wafanyao kazi karibu na shule yetu wanakaa wapi, na huondoka nyumbani saa ngapi. Andika majibu yao uyalete katika mjadala ujao.